Siku Chungu cha Kungwi Kilipofunguliwa

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha maabara. La pili lilimpata Mwalimu Chilumba juu ya jicho, naye hakuanguka. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, damu ikimchirizika mpaka kwenye kola, akasema kwa sauti ileile ya darasani, "Wazazi, tukae tuzungumze."

Nani akae? Watu walikuja na mipini ya majembe, na mwenye panga alikuja na panga. Walimtoa pale mlangoni kama mtu anavyong'oa muhogo mkaidi: kwanza wakamtikisa huku na huku, kisha wakavuta kwa pamoja, na vidole vyake vikaacha alama nyekundu kwenye mbao.

Tekla Nambole aliyaona hayo kwa macho yake kupitia nondo za dirisha la bwalo. Alikuwa amefungiwa humo na wanafunzi wenzake wote wa shule ya Namkongo. Mkuu wa shule aliwafungia kwa ajili ya usalama wao, kisha akaenda kutafuta usalama wake kwa mlango wa uani, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Juu ya uwanja kilielea chombo cha polisi, kidogo kama sinia, kikirudia kwa upole wa kuudhi, "Wananchi, tawanyikeni. Tukio hili linarekodiwa." Na kweli kilikuwa kinarekodi. Zaidi ya hapo hakikujua kazi nyingine.

"Aseme!" watu walipiga kelele. "Aseme ni yeye anayewanong'oneza watoto wetu masikioni!"

Mbele yao wote alikuwa Mzee Likanga. Huyo alikuwa mjomba wa Fadina, na katika uwanda ule baba hula pilau ya harusi tu, mwenye neno ni mjomba. Fadina alikuwa kidato cha pili, binti wa miaka kumi na minne, mpole hata kuku wa shule walimzoea. Juzi picha ya aibu yenye uso wake ilikuwa imeingia katika simu za wazee wote wa Namkongo. Ilikuwa picha ya uongo, uso umepachikwa, jambo ambalo kila kijana mle bwaloni aliling'amua kwa kutupa jicho mara moja. Mzee Likanga hakuwa kijana. Alimpiga mpwa wake kwa fimbo ya mkwaju mpaka fimbo ikakatika, akaendelea na kipande kilichobaki, na sasa Fadina alikuwa amelala hospitali ya wilaya na fuvu lililopasuka, hasemi, hafumbui macho. Baada ya hapo hasira ya mzee haikuwa na mtoto tena wa kuipokea. Ikatafuta mtu mzima.

Ikampata Mwalimu Chilumba, kwa sababu ndiye aliyemleta Kungwi.

* * *

Zamani kungwi alikuwa mtu. Alikaa ndani na wari, mabinti waliokwisha kuvunja ungo, akawafundisha mwili, heshima na hatari za dunia, na neno la ndani halikutoka nje, aliyelitoa alilaaniwa. Kisha makungwi wakazeeka, wakafa, na vijana wakabaki kufundishwa na mtandao, ambao hauna haya wala huruma. Ndipo Mwalimu Chilumba akaleta punje za Kungwi mpya, wa mashine. Kila mwanafunzi alibandikwa moja nyuma ya sikio, ndogo kama mbegu ya papai, ikiishi kwa joto la mwili. Mwanafunzi akiuliza, hata kwa kunong'ona chini ya shuka, Kungwi alimjibu kwa sauti ya mtu mzima asiyeshtuka.

Wazee walikubali kwa sharti moja, kwamba neno la ndani libaki ndani. Kwa hiyo maneno yote ya Kungwi yalihifadhiwa katika sanduku moja jeusi, la mviringo, lililokaa kwenye kona ya bwalo bila kuunganishwa na mtandao wowote mpaka siku litakapofunguliwa. Wanafunzi waliliita chungu.

Ila wazee ni wazee. Waliuliza, je, siku tukitaka kujua? Hapo ndipo mkutano ulipoharibika. Mwenyekiti hakutaka walimu wafungue, walimu hawakutaka mwenyekiti, na hakuna mzazi aliyekubali jirani yake asome maswali ya mtoto wa mwenzake huku ya mtoto wake yakiwa yamefunikwa. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho wakapatana kwa haki, haki ya kwao: ufunguo ushikwe na mwanafunzi mmoja anayechaguliwa na wenzake, na chungu kikifunguliwa kifunguliwe kwa wote, kila mlezi apelekewe ya mtoto wake, siku moja, saa moja, pasiwe na wa kumcheka mwenziwe. Walipigiana makofi kwa busara hiyo.

Mwaka ule ufunguo ulikuwa sauti ya Tekla. Kidato cha sita, miaka kumi na minane, mkali wa hesabu na mgumu wa kucheka.

Na Tekla alijua kilichokuwa ndani. Wiki moja kabla, Fadina alimfuata nyuma ya jiko. Mtu fulani mtandaoni alikuwa akimtumia vitisho: nipe ninachotaka, au nasambaza picha. Fadina hakuwa amempa chochote. Mtu huyo alisema kwa sauti ya kuazima, maana siku hizo mtu aliweza kuazima sauti mtandaoni kama anavyoazima ungo kwa jirani. Tekla alimwambia Fadina aicheze sauti hiyo karibu na punje yake. Kungwi alisikiliza, kisha akasema, "Nimeivua sauti ya juu. Ya chini, ya kwake hasa, nimeiweka chunguni. Kamwambie mtu mzima unayemwamini."

Fadina alimwambia mjomba wake kwamba kuna mtu anamsumbua mtandaoni. Mjomba alimwuliza alikwenda kutafuta nini huko.

* * *

"Fungua, Tekla," alisema Methodi, mwanafunzi mwenzake wa darasa, akiwa ameganda kwenye nondo. "Wanamuua. Wakisikia sauti ya mwenyewe watamwacha."

"Akifungua wanatuua sisi," alijibu Perpetua. Perpetua alikuwa mwoga wa mende tu, lakini sasa meno yalikuwa yakigongana. "Baba akisoma swali langu, sina pa kulala tena."

"Uliuliza nini?"

"Nilimwuliza Kungwi. Ningetaka kukuuliza wewe ningekuuliza."

Nje mpini ulitua mahali penye mfupa. Bwalo zima lilisikia.

"Mimi shule hii imenifundisha uzazi wa panzi," Methodi alisema, machozi yakimtoka bila aibu. "Nimesoma wa chura, nimesoma wa ua la mchungwa. Tulipofika kwa binadamu mwalimu mwingine akasema kurasa hizo mkasome wenyewe, na kurasa zenyewe zimechanwa. Yule peke yake ndiye aliyesimama mbele yetu akasema ulizeni. Ndiyo anakufa nalo hilo neno."

Binti mmoja wa kidato cha kwanza aliinua mkono kana kwamba yuko darasani. "Dada Tekla, mimi nilipoona damu nilidhani nakufa. Nilikuwa nimeshawagawia wadogo zangu nguo. Kungwi akaniambia siumwi, nimekua tu." Akafikiri kidogo. "Mama akisoma hilo hawezi kukasirika, eti?"

Wote walikuwa na mama, na wote walijua kilichoko nyumbani kwao: kwao mtu aliyeuliza amekwishafanya.

Tekla alisema wapige kura. Ufunguo ulikuwa wa wote, na maswali yalikuwa ya wote. Mikono ilianza kuinuka, mingine ikishuka na kuinuka tena, lakini hawakumaliza, kwa sababu nje palisikika shangwe. Dadi, mwana wa Mzee Likanga, alikuwa akija mbio akivingirisha tairi kuukuu. Huyo kila mtu alimpenda. Alikuwa fundi simu wa Namkongo na mtangazaji wa mechi za Jumapili, mcheshi, mwenye sauti ya kupasua uwanja bila kipaza. Mwenzake alimfuata na dumu la petroli.

Mwalimu Chilumba alikuwa amekaa chini sasa, ameinamisha kichwa, jicho moja limefumba kabisa. Walipomvika tairi hakupigana nalo. Aliligusa tu kwa vidole, taratibu, kama kipofu anayetaka kujua amepewa nini.

Tekla aliona miguu yake mwenyewe inatembea kuelekea kwenye kona. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na aliwaza hivi: Mzee Likanga ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Atakayepelekewa ya Fadina ni yeye. Akiitambua sauti ya mbaya wake atamtaja kwa ukelele wa kufika Msumbiji, na wote watamwacha mwalimu. Maswali yetu tutayabeba. Viboko tumevizoea.

"Mimi Tekla Nambole, mshika ufunguo. Fungua chungu."

"Maneno ya ndani yatatoka nje," Kungwi alisema kwa utulivu. "Hayatarudi. Una hakika?"

"Sina," Tekla alisema. "Fungua."

* * *

Simu zililia zote kwa pamoja, mifukoni, viunoni, ndani ya mikunjo ya kanga. Mwenye dumu alisimama katikati ya kumimina. Wakati huo Namkongo nzima iliinamisha vichwa kama watu wanaosubiri dua, na Tekla aliyekuwa amerudi dirishani alizikamata nondo kwa tumaini. Sasa watamtafuta. Sasa watauliza ni nani.

Hakuna aliyeuliza. Walikuja kumtafuta mwanamume, lakini kila mmoja sasa alikuwa akimsoma mtoto wake. Mama mmoja alipiga yowe. Mwanamume mmoja alisoma, akasoma tena, kisha akageuka taratibu kulitazama bwalo, na mwingine akageuka, na mwingine. Walimwacha Mwalimu Chilumba na tairi lake shingoni kama watu wanavyoacha kitu kisicho na kazi tena, wakaja.

Mlango wa bwalo ulikuwa wa mninga. Ulistahimili kidogo, kisha bawaba zikang'oka, nao wakaingia juu yake.

Kilichofuata Tekla hakupenda kukisimulia maisha yake yote. Baba alimburuta mwana kwa sikio mpaka punje ikang'oka na kipande cha ngozi. Benchi lilivunjika mgongoni mwa mtu. Yule binti wa kidato cha kwanza alimkimbilia mama yake na mikono miwili wazi, akapokewa kwa kofi lililomwangusha, huku mama mwenyewe akilia kwa kwikwi na kuuliza, "Kwa nini hukuniuliza mimi? Kwa nini hukuniuliza mimi?" akiendelea kumpiga. Perpetua alijificha chini ya meza. Kaka yake aliipindua.

Baba yake Tekla, mzee Nambole, hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake wa kila siku, simu mkono mmoja, mpini mkono mwingine.

"'Mtu akikupenda mtandaoni bila kukuona,'" alisoma, "'utajuaje kama ni kweli?' Nani huyo?"

"Hakuna mtu, baba. Niliuliza tu."

"Nani?"

"Niliuliza nijue, baba, nisije nikadanganywa!"

"Mtu haulizi njia ya kijiji asichokwenda!" alinguruma, na mpini ukatua begani. Wa pili ulimpata mbavuni, pumzi ikamtoka yote. Alipiga magoti, na kutoka chini aliona jambo kupitia mlango uliovunjika.

Mzee Likanga hakuwa ameingia. Alisimama peke yake katikati ya uwanja, simu sikioni. Alisikiliza, akaishusha, akaitazama, akairudisha tena sikioni. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha akainua macho, wala hakumtazama Mwalimu Chilumba. Alimtazama Dadi, mwanawe, aliyekuwa akiokota dumu.

Tekla alielewa, na alipoelewa alisahau mbavu.

* * *

Mzee aliinama, akaiweka simu juu ya saruji iliyoshikilia mlingoti wa bendera. Akainua mpini kwa mikono miwili, kama mtu anayetwanga.

Tekla alimponyoka baba yake, akatoka mbio huku ameshika ubavu. Hakuwa na hila yoyote wala nguvu ya kupigana na mwanamume aliyelima mikorosho maisha yake yote. Alijitupa tu, akaifunika simu kwa kiganja, na mpini ukashuka juu ya kiganja hicho. Mifupa ilivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

"Ondoa mkono, binti," Mzee Likanga alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa anaomba. "Ondoa, nisije nikakuvunja na mwingine."

"Mzee, umemsikia ni nani."

"Sikusikia kitu."

"Umemsikia!"

Akaupandisha mpini tena. Tekla aliinamisha kinywa mpaka kikagusa vidole vyake vilivyopinda. "Kungwi, mimi mshika ufunguo. Toa sauti. Toa kwa nguvu zote!"

Na sauti ikatoka chini ya mkono wa Tekla, ikajaa uwanja, isiyo na barakoa wala ya kuazima, sauti ileile iliyowatangazia magoli kila Jumapili, nzuri, yenye kicheko ndani yake:

"Mwambie mjomba wako kama unataka. Namjua yule. Atakuua wewe kwanza, ndipo aulize."

Watu waliokuwa bwaloni walitoka mmoja mmoja, mikono ikiwa bado imeshika watoto wao kwa nguo. Walisikiliza. Kungwi aliirudia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilipofika mara ya tatu kila mtu uwanjani alikuwa akimtazama Dadi Likanga, na Dadi aliweka dumu chini kwa uangalifu, akajaribu kutabasamu.

"Jamani," alisema, "sauti siku hizi si zinatengenezwa?"

Lilikuwa kosa kufungua kinywa. Wale waliokuwa bado na shaka walilinganisha sauti mbili, na shaka ikawaisha.

Walimfikia wote pamoja. Mipini ileile iliyokuwa ikiwapiga watoto wao ilipata mgongo mwingine, na ilipiga kwa bidii zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja alitaka kusahau alichokuwa akifanya muda mfupi uliopita. Mtu alikwenda kulivua tairi shingoni mwa Mwalimu Chilumba, na haikuwa kwa huruma. Baba yake Tekla alikuwa miongoni mwao. Na Tekla, Mungu amsamehe, alifurahi. Furaha ile ilimpanda kooni, tamu na ya moto, akayahesabu mapigo kama anayedai.

Kisha Dadi akapiga ukelele, sauti nyembamba isiyokuwa ya mtangazaji wala ya mcheshi, na Tekla akakumbuka hospitali. Fadina akifumbua macho atauliza ni nani, na kwa nini. Watamwonyesha majivu?

"Methodi!" aliita. "Perpetua! Tuingie kati!"

"Una wazimu?" Methodi alifoka. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. "Huyu? Waache wamchome!"

"Nataka ajibu. Maiti haijibu. Ingieni!"

Perpetua ndiye aliyekuwa wa kwanza, yule wa kuogopa mende, jicho limevimba, sare imechanika. Alipita chini ya mikono ya watu wazima akasimama. Methodi akafuata akitukana. Kisha wakaja wengine waliokuwa bado wanaweza kusimama, wakashikana mikono kumzunguka mtu waliyemchukia, nyuso zao zikiwatazama wazazi wao. Mipini iliwapata na wao kwanza. Mmoja alianguka, nafasi yake ikazibwa. Polepole mapigo yakapungua, kwa sababu ni vigumu kumpiga mtoto wako anayekutazama machoni wala hakuulizi kitu.

Mzee Nambole alisimama mbele ya bintiye. Mpini ulikuwa juu. Aliuona mkono wa Tekla, ulivyoning'inia, na mpini ukashuka pembeni ya mguu wake bila kumgusa mtu.

Katikati ya duara Mzee Likanga, aliyejipenyeza mipini ikiwa bado inashuka, alikuwa amelala juu ya mwanawe, amemfunika kwa mwili wake wote, kofia imeanguka, kipara kinachuruzika damu isiyokuwa yake. "Mwacheni," alikuwa akisema, hamwambii mtu mahususi. "Mwacheni, jamani. Mtoto huyu. Bado mtoto."

Chini yake zilionekana ndevu za Dadi na mikono yake mipana. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Tekla alichutama, mkono uliovunjika ameulaza mapajani. Alitaka kumtemea mate. Badala yake alimsemesha kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Mzee wangu. Juzi ulipokuwa unampiga Fadina, hakukuwa na mtu wa kukuambia hivyo? Kwamba ni mtoto?"

Chombo cha polisi kilipita juu yao, kikageuka, kikarudi.

"Alikuwepo," Mzee alisema mwishowe. "Alisema mwenyewe. Alisema, mjomba, mimi bado mtoto. Alikuwa akisema hivyo mpaka aliponyamaza."